Meghnad Saha: Mwana wa muuza duka aliyeifasiri nuru ya jua

Kwa miaka mingi wasikilizaji wa redio ya masafa mafupi wamelizoea jambo moja la kushangaza. Mchana kweupe, redio ikiwa nzima na mbingu zikiwa shwari, sauti ya mtangazaji hufifia, ikamezwa na ukimya, na baada ya dakika kadhaa hurejea kana kwamba hapakutokea kitu. Mara nyingine sababu haiko katika kituo cha redio wala katika betri za msikilizaji. Iko umbali wa kilomita milioni 150, juu ya jua, ambako mlipuko umetoa miale mikali inayoifikia dunia kwa muda wa dakika nane na kuyavuruga matabaka ya juu ya anga ambayo mawimbi ya redio huyategemea katika safari yake.

Mlipuko huo hauendewi wala haushikiki. Kinachotufikia ni nuru, na ndani ya nuru hiyo wataalamu husoma joto la gesi iliyolipuka, msongamano wake na mwendo wake. Kanuni iliyowawezesha kuisoma nuru ya jua na ya nyota kwa namba, badala ya kwa kukisia, iliandikwa mwaka 1920 mjini Calcutta, nchini India, na mhadhiri wa miaka 26, mtoto wa muuza duka wa kijijini, ambaye hakuwa na darubini kubwa wala maabara ya maana. Jina lake ni Meghnad Saha. Alichowafundisha wanafalaki wa wakati wake chaweza kusemwa kwa maneno machache: kutoonekana si kutokuwepo.

Mtoto wa Seoratali

Saha alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1893 katika kijiji cha Seoratali, karibu na Dhaka, katika jimbo la Bengal lililokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Leo hii kijiji hicho kimo ndani ya Bangladesh. Husimuliwa kwamba usiku wa kuzaliwa kwake kulikuwa na dhoruba, ndipo akapewa jina lenye maana ya ngurumo ya mawingu. Alikuwa wa tano kati ya watoto wanane. Baba yake, Jagannath, alikuwa na duka dogo, na katika hesabu zake mtoto wa kiume alitakiwa ajue kusoma na kuhesabu kiasi cha kumwezesha kukaa nyuma ya meza ya duka, basi.

Shule ya msingi ilipokwisha, shule ya kati iliyokuwa jirani zaidi ilikuwa umbali wa takriban kilomita 10, na nauli ya kwenda na kurudi, wala ada ya bweni, haikuwapo. Kaka yake mkubwa, Jainath, alimtafutia mfadhili, daktari mmoja wa mahali pale aliyekubali kumpa kijana chumba na chakula. Masharti yalikuwa mawili: amtunze ng'ombe wa nyumba hiyo, na vyombo anavyolia avioshe mwenyewe. Sharti la pili halikuhusu usafi. Familia ya Saha ilihesabiwa kuwa ya tabaka la chini katika mpangilio wa jamii ya Wahindu, na sahani aliyoigusa mtu wa tabaka hilo haikuoshwa na wengine.

Kijana alimaliza masomo ya kati akiwa wa kwanza katika wilaya nzima ya Dhaka, akapata msaada wa serikali wa rupia 4 kwa mwezi. Jainath, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha juti, alikata sehemu ya mshahara wake mdogo kumwongezea mdogo wake. Mwaka 1905 Saha akaingia shule ya sekondari ya serikali mjini Dhaka.

Mwaka huohuo watawala wa Kiingereza waliigawa Bengal sehemu mbili, na jimbo zima likawaka hasira. Gavana wa jimbo jipya la mashariki, Bampfylde Fuller, alipopanga kuitembelea shule hiyo, baadhi ya wanafunzi waligoma kumlaki. Saha alikuwa miongoni mwao. Alifukuzwa shule, na zile rupia 4 zikakatwa. Mtoto wa miaka 12 aliyekuja mjini kwa tegemeo hilo alibaki mikono mitupu. Shule moja ya binafsi ndiyo iliyompokea bila ada, na miaka minne baadaye, katika mtihani wa kuingia chuo, akawa wa kwanza kati ya watahiniwa wa Bengal ya Mashariki.

Katika chuo cha Dhaka aliongeza somo ambalo wengi hawakuona faida yake, nalo ni lugha ya Kijerumani. Chaguo hilo lilikuja kumlipa kuliko masomo mengi mengine, kwa kuwa sehemu kubwa ya fizikia mpya ya karne ya 20 iliandikwa kwa lugha hiyo.

Meza ya chakula

Mwaka 1911 Saha alihamia Calcutta kusoma katika Presidency College, chuo kilichokuwa na walimu mashuhuri wa India, akiwamo mwanafizikia Jagadish Chandra Bose na mwanakemia Prafulla Chandra Ray. Darasani mwake alikuwamo Satyendra Nath Bose, ambaye jina lake leo limo katika kila kitabu cha fizikia. Katika mitihani ya hisabati ya shahada ya kwanza na ya pili, Bose alikuwa wa kwanza na Saha wa pili.

Darasani walishindana kwa alama, lakini bwenini mizani ilikuwa nyingine. Baadhi ya wanafunzi wa matabaka ya juu walikataa kula katika ukumbi mmoja na Saha, wakamtenga pia katika sherehe ya kumheshimu Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Kijana aliyekuwa akiongoza katika elimu akawekwa kando siku ya kuiadhimisha elimu. Baadhi ya rafiki zake waliona aibu hiyo kuwa yao pia, wakahama bweni pamoja naye.

Alipomaliza masomo mwaka 1915 alitamani kazi ya uhakika katika utumishi wa serikali, idara ya fedha, ili awasaidie wazazi na ndugu. Serikali ya kikoloni haikumruhusu hata kuufanya mtihani, kwa kuwa alijulikana kuwa na mafungamano na vijana waliopigania uhuru. Kwa muda aliishi kwa kufundisha watoto wa watu majumbani, akizunguka mji kwa baiskeli asubuhi na jioni.

Mlango ulifunguliwa na Ashutosh Mukherjee, kiongozi wa Chuo Kikuu cha Calcutta, aliyekuwa akianzisha kitivo kipya cha sayansi na kutafuta vijana wa Kihindi wenye akili bila kuuliza ukoo wao. Mwaka 1916 Saha na Bose wakaajiriwa kuwa wahadhiri. Walitakiwa kufundisha fizikia ambayo wao wenyewe hawakuwahi kufundishwa. Ikawabidi wasome usiku na kusomesha mchana. Vitabu vilikuwa haba, na vita vya kwanza vya dunia vilizuia majarida ya Ulaya kufika. Mwaka 1919 wawili hao walianza kufasiri kwa Kiingereza makala za Albert Einstein na Hermann Minkowski kuhusu nadharia ya uhusiano, na kitabu chao kikachapishwa na Chuo Kikuu cha Calcutta mwaka 1920.

Umaskini nao haukumwacha upesi. Mwaka 1917 alikuwa ameandika makala kuhusu namna nuru inavyoweza kuzisukuma atomu za gesi katika jua, akaipeleka kwa jarida kubwa la elimu ya nyota nchini Marekani. Jarida lilimtaka achangie gharama za uchapaji, naye hakuwa nazo. Makala kamili ikatoka katika jarida la chuo chake, lililosomwa na watu wachache, na wazo lile likaja kujulikana baadaye kwa kazi za wengine.

Herufi zinajulikana, sentensi haieleweki

Ili kuielewa kazi iliyomletea sifa, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Nuru ya jua ikipitishwa katika kipande cha kioo chenye pembe tatu hutandazwa kuwa utepe wa rangi kama zile za upinde wa mvua. Utepe huo huitwa spektra. Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph Fraunhofer, aliukagua kwa makini akakuta umekatwa na mamia ya mistari myeusi. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff, akifanya kazi na Robert Bunsen, alieleza asili ya mistari hiyo: kila elementi, ikiwa katika hali ya gesi, ina mistari yake maalumu, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Sodiamu ina yake, chuma kina yake, kalsiamu ina yake. Mwaka huohuo wa 1859, tarehe 1 Septemba, Mwingereza Richard Carrington aliona kwa darubini mlipuko juu ya jua, na kabla ya siku moja kupita nyaya za simu za maandishi zikavurugika katika nchi nyingi.

Tangu hapo wanafalaki walikuwa na kamusi ya herufi za nuru. Walitambua mistari, wakaipanga, wakaipiga picha. Katika chuo cha Harvard, Annie Jump Cannon na wenzake walizipanga maelfu ya nyota katika makundi kwa kufuata spektra zao. Hata hivyo, maana ya mpangilio huo ilikuwa na utata. Nyota moja ilionyesha heliamu, nyingine ilionyesha metali nyingi, nyingine hidrojeni kwa wingi. Je, nyota hizo zimeumbwa kwa vitu tofauti? Wengi waliona kwamba mstari ukiwepo elementi ipo, na mstari ukikosekana elementi haipo au ni kidogo mno.

Jua lenyewe lilikuwa na mafumbo yake. Wakati wa kupatwa kwa jua, pale ambapo mwezi hulifunika jua lote, huonekana kwa sekunde chache ukingo mwembamba wenye wekundu, yaani tabaka la gesi liitwalo kromosfia. Katika spektra ya tabaka hilo, mistari miwili mikubwa ya kalsiamu ilionekana hadi maelfu ya kilomita juu ya uso wa jua, ilhali kalsiamu ni nzito mara 40 kuliko hidrojeni. Mstari mwingine wa kalsiamu hiyohiyo uliishia chini sana. Kitu kimoja kingewezaje kupanda na kutopanda? Tena, mistari ya rubidiamu na sesiamu haikuonekana kabisa katika jua, ingawa elementi hizo ni ndugu wa sodiamu, ambayo imejaa tele. Nayo heliamu ilijulikana katika ukingo wa jua tangu mwaka 1868, mwaka wa kupatwa kwa jua kulikotazamwa India, lakini katika nuru ya kawaida ya uso wa jua mistari yake haikuonekana.

Mizani ya joto na msongamano

Saha alikuwa akitayarisha masomo ya wanafunzi wake aliposoma makala ya mwanakemia wa Ujerumani, John Eggert, iliyochapishwa mwaka 1919. Eggert alijaribu kukokotoa namna atomu zilizo ndani kabisa ya nyota zinavyopoteza elektroni, akitumia kanuni ambazo wanakemia hutumia kueleza jinsi mchanganyiko wa kawaida unavyovunjika kwa joto. Saha aliona upungufu mmoja: Eggert alikisia nguvu inayohitajika kuing'oa elektroni kutoka katika atomu, ilhali nguvu hiyo ilikuwa tayari imepimwa katika maabara kwa elementi kadhaa. Aliweka vipimo halisi mahali pa makisio, na mlinganyo aliouandika ukageuka kuwa ufunguo.

Maana ya mlinganyo huo inaweza kuelezwa kwa mfano wa nguo zilizoanikwa. Nguo hukauka haraka jua likiwa kali. Lakini joto peke yake halitoshi: pwani, ambako hewa imejaa unyevu, nguo huchelewa kukauka hata kukiwa na joto, na bara, penye hewa kavu, hukauka upesi hata siku ya baridi. Tena kitambaa chepesi hukauka mapema kuliko blanketi. Atomu nazo ni hivyo hivyo. Joto likizidi, hugongana kwa nguvu na kung'oana elektroni. Zikiwa zimesongamana, elektroni zilizong'olewa hukamatwa tena upesi. Gesi ikiwa nyembamba, elektroni hupotea zisirudi. Na kila elementi huishika elektroni yake kwa nguvu tofauti: sesiamu huiachilia kwa urahisi, ilhali heliamu huhitaji nguvu zaidi ya mara sita ya ile ya sesiamu. Mambo hayo matatu, yaani joto, msongamano na nguvu ya mshiko, ndiyo huamua atomu ngapi zitabaki nzima na ngapi zitakuwa ioni, yaani atomu zilizopungukiwa na elektroni.

Hapo ndipo fumbo la jua lilipofumbuka. Atomu iliyopoteza elektroni hubadili mistari yake, kama mtu aliyevua vazi moja akavaa jingine. Mistari miwili ya kalsiamu inayoonekana juu sana katika kromosfia ni ya kalsiamu iliyokwisha kupoteza elektroni moja. Ule mstari wa chini ni wa kalsiamu iliyo nzima. Kule juu gesi ni nyembamba mno, kwa hiyo karibu kalsiamu yote imekuwa ioni. Si kwamba kitu kimoja kinapanda na kutopanda. Ni kitu kimoja katika hali mbili.

Rubidiamu na sesiamu nazo hazikuwa zimekosekana katika jua. Zinaachia elektroni kwa urahisi kiasi kwamba karibu atomu zake zote ni ioni, na mistari ya ioni hizo haimo katika sehemu ya nuru ambayo wanafalaki wa enzi ile waliweza kuipiga picha. Heliamu ni kinyume chake: imeishika elektroni yake kwa nguvu mno hata joto la uso wa jua, linalokaribia nyuzi 5,500 za selsiasi, haliwezi kuiamsha itoe mistari. Zote zipo. Kilichokosekana ni hali ya kuziwezesha kuonekana.

Saha aliipeleka makala yake kwa jarida la Philosophical Magazine la Uingereza, nalo likaichapisha mwaka 1920.

Ushahidi kutoka mbali

Mwaka huohuo alisafiri kwenda London, akafanya kazi kwa miezi kadhaa katika maabara ya Alfred Fowler, bingwa wa spektra katika Imperial College. Huko alipata kile ambacho Calcutta haikuwa nacho: hazina ya spektra zilizopimwa kwa uangalifu. Alizipitia, akaonyesha kwamba makundi ya nyota yaliyopangwa Harvard yanafuata joto, toka nyota nyekundu zenye nyuzi zipatazo 3,000 hadi nyota za buluu zenye makumi ya maelfu ya nyuzi. Tofauti kubwa ya spektra zao haikutokana na tofauti ya udongo zilizofinyangwa nao bali na tofauti ya moto unaoziwasha. Kutoka London alikwenda Berlin, katika maabara ya Walther Nernst, kuujaribu mlinganyo kwa vyombo.

Utabiri mmoja ulikuwa rahisi kupimwa. Madoa meusi ya jua ni baridi kuliko sehemu zinazoyazunguka. Ikiwa Saha amesema kweli, ndani ya madoa hayo baadhi ya atomu za rubidiamu zitabaki nzima na mistari yake itaonekana. Mwanafalaki wa Marekani, Henry Norris Russell, alizichunguza picha za spektra za madoa ya jua zilizopigwa katika kituo cha Mount Wilson, California, akaikuta mistari ya rubidiamu pale ilipotarajiwa. Tangu siku hiyo mlinganyo wa Saha ukawa chombo cha kazi.

Mavuno makubwa zaidi yalikuja mwaka 1925. Cecilia Payne, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akisoma Harvard, alizitumia hesabu za Saha, pamoja na maboresho ya Ralph Fowler na Edward Milne wa Uingereza, kupima wingi wa elementi katika nyota. Alikuta kwamba hidrojeni ni nyingi kupita elementi nyingine zote kwa kiwango ambacho hakuna aliyekidhani. Russell alimshauri asiliamini tokeo hilo, naye akaandika katika tasnifu yake kwamba huenda si la kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alikiri kwamba binti yule alikuwa na haki. Leo tunajua kwamba takriban robo tatu ya uzito wa jua ni hidrojeni. Ilikuwapo wakati wote, mbele ya macho ya kila mtu, nyuma ya mistari michache isiyodhihirisha wingi wake.

Kuisoma milipuko

Kanuni hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika kusoma spektra ya milipuko ya jua. Siku za utulivu, mstari mwekundu wa hidrojeni katika spektra ya jua huwa mweusi. Mlipuko ukianza, mahali pake hugeuka kuwa ung'avu kwa muda wa dakika chache, na mistari miwili ya ioni za kalsiamu nayo huwaka. Katika milipuko mikali huonekana pia mistari ya heliamu, ile elementi ngumu kuamshwa, nayo hutoa habari kwamba gesi imepata nishati isiyo ya kawaida. Mistari ya hidrojeni ikitanuka sana, mtaalamu anajua kwamba elektroni na ioni zimesongamana. Mistari ikisogea kutoka mahali pake, anajua kwamba gesi inakimbia, na huweza kukokotoa mwendo wake.

Hata hivyo mlinganyo wa Saha una mpaka, na kuujua mpaka huo ni sehemu ya ufundi. Unafaa pale ambapo gesi imepata muda wa kutulia, idadi ya atomu zinazopoteza elektroni ikiwa sawa na idadi ya zinazozipata. Ndani ya mlipuko mambo hubadilika kwa sekunde, na elektroni zenye kasi kubwa hushuka kutoka juu na kuipiga kromosfia. Hapo wataalamu hulazimika kukokotoa kila badiliko la atomu moja moja kwa kompyuta. Lakini hata hesabu hizo, zikishuka katika tabaka zito la chini, lazima zikutane na jibu la Saha.

Saha mwenyewe aliukuta mpaka huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Mswidi Bengt Edlén alionyesha kwamba mistari ya ajabu ya korona, taji jeupe linalozunguka jua, ni ya chuma kilichopoteza elektroni nyingi. Mstari wa kijani ni wa chuma kilichopoteza elektroni 13. Hali hiyo yahitaji joto la nyuzi zipatazo milioni moja, juu ya uso wenye nyuzi elfu chache tu. Saha alipendekeza kwamba ioni hizo hutokana na mipasuko ya viini vya atomu karibu na uso wa jua. Maelezo hayo hayakukubaliwa. Swali la nini kinachoipasha moto korona linaendelea kuwashughulisha wataalamu hadi leo.

Wazo lake jingine liliwahi kabla ya wakati wake. Mwaka 1937 alipendekeza kwamba vyombo vya kupimia nuru ya jua vipelekwe juu ya hewa nzito ya dunia, kwa kuwa hewa huizuia miale ya urujuanimno ambamo hidrojeni huandika mistari yake mikubwa. Miaka tisa baadaye, mwezi Oktoba 1946, roketi iliyorushwa Marekani ilipiga picha ya spektra hiyo kwa mara ya kwanza. Leo setilaiti huitazama milipuko ya jua usiku na mchana kwa njia hiyohiyo.

Mwanasayansi bungeni

Baada ya kurejea India mwaka 1921, Saha alihamia Allahabad mwaka 1923 akakaa miaka 15. Alijenga idara ya fizikia, akachunguza matabaka ya juu ya anga yanayorudisha mawimbi ya redio, na mwaka 1927 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Jina lake lilipendekezwa zaidi ya mara moja kwa Tuzo ya Nobel, lakini hakuipata. Mwaka 1938 alirudi Calcutta, ambako alianzisha taasisi ya fizikia ya nyuklia iliyofunguliwa na Irène Joliot-Curie mwaka 1950.

Aliyekulia katika nchi ya mito inayofurika hakuweza kuyafungia macho mafuriko. Katika jarida alilolianzisha mwaka 1935, Science and Culture, aliandika mara kwa mara kuhusu mito ya Bengal, akidai mabwawa yajengwe katika bonde la Damodar kuzuia maji na kuzalisha umeme. Alitaka India huru ijenge viwanda vikubwa, jambo lililomtofautisha na wafuasi wa Gandhi waliotegemea ufundi wa vijijini. India na Pakistan zilipotengana mwaka 1947, kijiji alichozaliwa kikabaki upande wa pili wa mpaka, naye akashughulika kuwatafutia makazi wakimbizi waliomiminika Calcutta.

Mwaka 1952 aligombea ubunge akiwa mgombea huru, akashinda. Bungeni aliikosoa serikali ya Jawaharlal Nehru waziwazi, hasa kuhusu mipango ya viwanda na nishati ya atomiki. Mwaka huohuo alikabidhiwa uenyekiti wa kamati ya kurekebisha kalenda, kwa kuwa katika India mpya zilitumika kalenda zipatazo 30, na sikukuu moja iliweza kuangukia siku tofauti katika miji miwili. Kamati ilipendekeza kalenda moja ya taifa, yenye mwaka unaofuata mwendo halisi wa jua.

Tarehe 16 Februari 1956, akiwa na umri wa miaka 62, Meghnad Saha alikuwa njiani kuelekea ofisi za Tume ya Mipango mjini New Delhi alipoanguka kwa maradhi ya moyo. Hakuinuka tena. Kalenda aliyoisimamia ilianza kutumika rasmi tarehe 22 Machi 1957, na taasisi aliyoianzisha Calcutta sasa inaitwa kwa jina lake.

Wapo wanasayansi waliogundua nyota, na wapo waliogundua elementi. Saha hakugundua kimojawapo. Alionyesha namna ya kuhesabu kile ambacho nuru imekificha, na akaifanya kazi hiyo katika mji ambao baadhi ya wenzake hawakutaka kula naye meza moja. Kila mwanafunzi wa elimu ya nyota, awe Nairobi, Dhaka au Chicago, hufika mahali katika masomo yake ambapo hukabidhiwa mlinganyo huo na kuambiwa aanze kukokotoa.